Kiuno bila satelaiti: kisa cha kromosomu ya ziada yenye sentromia mpya

Usuli

Mtoto wa kike wa miezi 11 alipelekwa kupimwa kromosomu. Urefu wake ulikuwa umepita mstari wa 97 kwenye chati ya ukuaji, alikuwa bado hajaweza kukaa bila kushikiliwa, na sura yake ilikuwa na tofauti ndogondogo ambazo daktari hakuziona kwa baba wala kwa mama. Wazazi hawana undugu wa damu, na mimba ilikwenda vizuri. Maelezo yanayoweza kuitambulisha familia au maabara yameondolewa.

Sentromia ni sehemu ya kromosomu inayoshikwa na nyuzi, ziitwazo mikrotubuli, pale seli inapogawanyika. Kwenye darubini huonekana kama kiuno: hapo kromatidi pacha (nakala mbili za kromosomu zinazosubiri kugawanywa) hubana, na mikono miwili hutokea pande zake. Kwa binadamu, DNA ya kiunoni kwa kawaida ni satelaiti ya alfa. Hiki ni kipande cha jozi za besi 171 kinachorudiwa mara nyingi mno, kimoja nyuma ya kingine, hadi safu nzima ifike malaki au hata mamilioni kadhaa ya jozi za besi. Kwa kuwa kila kromosomu ya kawaida ya binadamu ina safu hii, maabara zimezoea kuitumia kama alama ya sentromia: probu ya satelaiti ya alfa (kipande cha DNA chenye rangi kinachojishikiza kwenye mfuatano unaolingana nacho) ikiwaka, sentromia ipo, isipowaka, haipo. Mazoea hayo ndiyo yaliyokichelewesha kisa hiki.

Yaliyotokea kwa mfuatano

Damu iliyowekwa kwenye heparini ilioteshwa kwa saa 72 kwa nyuzi joto 37, limfosaiti zikichochewa kwa fitohemaglutinini. Kolsemidi, dawa inayosimamisha seli katikati ya kugawanyika, iliwekwa kwa dakika 40 tu. Muda huo ulichaguliwa kwa makusudi, kwa sababu kolsemidi ikikaa mno kromosomu hujikunja zikawa fupi na kiuno kikawa kigumu kupimwa. Zikafuata potasiamu kloraidi ya 0.075 M kwa dakika 18, kisha mchanganyiko wa methanoli na asidi ya asetiki kwa uwiano wa 3 kwa 1, na mwisho rangi ya Giemsa baada ya tripsini, ili kromosomu zionyeshe mikanda.

Seli 30 zilihesabiwa. Kati ya hizo, 18 zilikuwa na kromosomu 46 na 12 zilikuwa na 47. Ile ya ziada ilikuwa ndogo kuliko kromosomu 21, ina kiuno kinachoonekana wazi, na mkono mmoja ulikuwa karibu mara mbili ya mwingine. Mikanda yake haikutosha kuitambua.

Kromosomu ndogo ya ziada inapojitokeza, chanzo kinachoongoza ni kromosomu 15, hasa eneo la 15q11-q13 (q ni mkono mrefu wa kromosomu, p ni mfupi, na namba za mikanda hupanda kuelekea nchani). Kwa hiyo hatua ya kwanza ilikuwa FISH (kipimo cha kuweka probu kwenye kromosomu na kuangalia zinapowaka) kwa probu ya jini SNRPN iliyo ndani ya eneo hilo, ikiambatana na probu ya sentromia ya 15 na probu ya udhibiti ya jini PML kwenye 15q24. Zote tatu ziliwaka kwenye kromosomu 15 mbili za kawaida, wala hakuna iliyowaka kwenye ile ya ziada. Faili likaandikwa: "si ya kromosomu 15." Kipimo kilikuwa sahihi. Hitimisho ndilo lililokuwa na kosa, na lingeonekana baadaye.

Ikafuata probu ya satelaiti ya alfa ya kromosomu zote. Kwenye slaidi moja, kromosomu zote 46 ziliwaka viunoni, na ile ya ziada ikabaki giza. Iliaminika kwamba FISH imeharibika. Kipimo kikarudiwa, kikatoa jibu lilelile. Kikarudiwa mara ya tatu, safari hii kwa kuosha kwa upole zaidi: 2×SSC kwa nyuzi joto 45, badala ya 0.4×SSC kwa nyuzi joto 72. Kuosha kwa upole huacha probu ishike hata safu zisizolingana nayo sawasawa, hivyo satelaiti kidogo tu ingejionyesha. Giza likabaki. Mikanda ya C, inayotokana na kuiloweka slaidi kwenye bariamu haidroksaidi, nayo haikuonyesha doa kwenye kiuno cha ile ya ziada.

Hapo mtu mmoja akapendekeza ripoti iseme kwamba ni kipande kisicho na sentromia, kilichozaliwa ndani ya chupa ya kuoteshea. Msimamizi alikataa kwa hoja ambayo haikuhitaji kemikali yoyote. Kipande kisicho na sentromia hakina mahali pa kushikwa na nyuzi. Kila seli inapogawanyika, kinaangukia upande wowote au kinaachwa njiani, na baada ya migawanyiko michache hakipo tena. Mwili wa mtoto wa miezi 11 umepitia makumi ya migawanyiko tangu yai liliporutubishwa, lakini kromosomu hii ilikuwa kwenye seli 12 kati ya 30. Lazima kitu kilikuwa kinaivuta.

Wakati huohuo DNA ya damu ilikuwa imepelekwa maabara nyingine kwa ajili ya arei ya jenomu, kipimo kinachokadiria idadi ya nakala za kila eneo la DNA. Fomu haikutaja karyotaipu (hesabu na sura ya kromosomu) iliyokwisha kuonekana. Majibu yalionyesha ongezeko la DNA kuanzia 15q25.3 hadi ncha ya mkono mrefu, jozi za besi milioni 15.7, logi ya msingi wa 2 ya uwiano wa DNA ya mtoto na DNA ya kawaida ikiwa 0.47. Msomaji wa arei aliandika: "nakala tatu", na akashauri wazazi wapimwe uhamisho wa vipande kati ya kromosomu. Kliniki ikaiambia familia hivyohivyo. Kromosomu za wazazi wote wawili zilitoka za kawaida.

Ripoti mbili zilipowekwa juu ya meza moja ndipo mambo yakaanza kushikana. Probu ya ncha ya 15q iliwekwa kwenye slaidi za zamani, nayo ikawaka kwenye kromosomu ya ziada kwenye ncha zote mbili. Kumbe ilikuwa ya kromosomu 15, ila ya upande wa pili kabisa wa ule uliochunguzwa mwanzo. Ilikuwa kipande cha 15q25.3 hadi nchani kilichojikunja na kuungana na nakala yake kama taswira kwenye kioo. SNRPN, sentromia ya 15 na hata PML ya udhibiti zote zimekaa kabla ya mahali kipande kilipokatikia. Kwa urefu, milioni 15.7 mara mbili ni milioni 31.4, na kromosomu 21 inazidi milioni 45. Udogo ulioonekana kwenye darubini ulilingana na hesabu.

Swali la kiuno lilibaki. Maabara ikajaribu kingamwili dhidi ya protini za sentromia, ziitwazo CENP, kwenye slaidi zilizobaki, ikapata weusi mtupu hata kwenye kromosomu za kawaida. Sababu ni ile methanoli na asidi: asidi ya asetiki huondoa au huvuruga protini nyingi za kromosomu, na kingamwili hazipati cha kushika. Hakukuwa na seli hata moja iliyohifadhiwa bila asidi, kwa hiyo ikabidi damu mpya itolewe kwa mtoto.

Safari hii seli zilivimbishwa kwa potasiamu kloraidi, zikabandikwa kwenye slaidi kwa sentrifuji ya slaidi, kisha zikawekwa kwenye bafa ya KCM (potasiamu kloraidi 120 mM, sodiamu kloraidi 20 mM, Tris 10 mM yenye pH 8.0, EDTA 0.5 mM na Triton X-100 asilimia 0.1). Kingamwili ziliwekwa kwanza. Formaldihaidi ilifuata baadaye kuzifunga mahali pake, na FISH ikafanywa mwisho kabisa. CENP-C iliwaka vizuri kwenye kiuno cha kromosomu ya ziada. CENP-B haikuwaka hapo, ingawa ilionekana kwenye viuno vya kromosomu nyingine za seli ileile. Doa la CENP-C liliangukia eneo la 15q26.1 kwenye nusu moja tu ya taswira, na ndiyo maana mikono haikulingana.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kurudia FISH ya satelaiti unahitaji kupimwa kwa haki. Mara ya tatu, kwa kuosha kwa upole, ilikuwa na maana, kwa sababu ilijibu swali jipya: je, kuna satelaiti kidogo iliyooshwa? Kurudia kwa masharti yaleyale hakukuwa na maana yoyote, kwa kuwa udhibiti ulikuwa ndani ya slaidi yenyewe. Kromosomu 46 zikiwaka na moja isiwake ndani ya seli moja, FISH imefanya kazi.

Kwa kingamwili, maabara ilichagua CENP-B na CENP-C kila moja peke yake, ikaacha seramu ya wagonjwa wa skleroderma (ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili na ngozi hukakamaa) ambayo maabara nyingi huwa nayo kwenye friza. Seramu ya aina hiyo ndiyo iliyotumika kuzigundua CENP-A, B na C mwaka 1985, lakini mara nyingi hubeba kingamwili za zote tatu kwa pamoja. Ingewaka kiunoni, na isingesema ni protini ipi iliyopo na ipi haipo. Jozi ya CENP-C na CENP-B hujibu maswali mawili: CENP-C huonyesha sentromia inayofanya kazi, na CENP-B hufuata DNA, kwa kuwa hushika kipande maalumu cha jozi za besi 17 ndani ya satelaiti ya alfa. C ipo, B haipo: sentromia inafanya kazi juu ya DNA isiyo ya satelaiti. Kwa mtoto wa kiume kuna tahadhari moja, kwamba kromosomu Y nayo haina CENP-B, ingawa ina satelaiti ya alfa.

Kipimo cha methilesheni cha SNRPN (alama za kikemia kwenye DNA zinazotofautisha nakala ya baba na ya mama) kilifanywa kuhakikisha kwamba kromosomu 15 mbili za kawaida hazikutoka zote kwa mzazi mmoja. Kromosomu za ziada za 15 wakati mwingine huandamana na tatizo hilo, na madhara yake ni mazito. Jibu lilikuwa la kawaida.

Seli za shavuni zilipimwa kwa FISH bila kuoteshwa, kwa sababu damu peke yake haiwezi kusemea mwili mzima. Probu ya ncha ya 15q iliunganishwa na ya sentromia ya 15, kila moja na rangi yake. Bila ya pili, kiini chenye madoa manne ya ncha kingeweza kuwa cha seli yenye seti nne za kromosomu zote. Madoa manne ya ncha pamoja na mawili ya sentromia ni kromosomu ya ziada. Kati ya viini 200, 112 vilikuwa hivyo, yaani asilimia 56.

Kutafuta mpaka kamili wa sentromia mpya kwa kunasa kromatini (DNA pamoja na protini zake) yenye CENP-A na kusoma mfuatano wake kuliachwa. Huduma ya mtoto isingebadilika kwa lolote, na damu zaidi ingehitajika.

Matokeo

Ripoti ya mwisho ilisema: mozaiki (mchanganyiko wa seli za kawaida na zisizo za kawaida) ya nakala nne za 15q25.3 hadi nchani, kutokana na kromosomu ya ziada iliyojikunja yenye sentromia mpya, isiyorithiwa kwa mzazi yeyote. Familia iliitwa upya na maelezo ya kwanza yakafutwa. Wazazi waliambiwa kwamba uwezekano wa kujirudia ni mdogo, ila si sifuri, kwa kuwa mzazi anaweza kubeba seli za namna hiyo kwenye ovari au korodani bila kuonekana kwenye damu. Moyo na figo vilipimwa kwa altrasaundi na ratiba ya kufuatilia ukuaji ikawekwa. Jini IGF1R, ya kipokezi cha IGF-1, homoni inayochochea ukuaji, iko 15q26.3, ndani ya eneo lililoongezeka. Nakala zake za ziada zinafahamika kuandamana na urefu uliopita kiasi, na hilo liliwaeleza wazazi sababu ya urefu wa mtoto wao.

Uchambuzi

Probu ya DNA hupima mfuatano. Haipimi kazi. Kwenye sentromia za kawaida mambo hayo mawili hukaa pamoja, na mtu husahau kwamba ni mawili.

Kinachoifanya sentromia iwe sentromia ni CENP-A, aina ya histoni (protini ambayo DNA huizunguka) inayochukua nafasi ya histoni H3 kwenye baadhi ya nukleosomu, yaani vifundo vya DNA na histoni. Juu ya CENP-A hukaa CENP-C na wenzake, juu yao kundi la protini la Mis12, na kwa nje kundi la NDC80 linalokamata ncha za mikrotubuli. DNA inaponakiliwa, CENP-A iliyopo hugawanywa kati ya nakala mbili, kila moja ikabaki na takriban nusu. CENP-A mpya hailetwi wakati huo. Husubiri mpaka seli imalize kugawanyika na kuingia awamu ya G1, ndipo protini HJURP huipeleka mahali pale ambapo kundi la protini la Mis18 limeshaweka alama. Mahali huelekezwa na protini iliyokuwepo, hivyo sentromia hujirithisha yenyewe, seli hadi seli, hata ikikaa juu ya DNA ya kawaida kabisa. CENP-B husaidia uimara, lakini si ya lazima: panya walioondolewa jini yake waliishi na kuzaa, kama ilivyoonekana mwaka 1998.

Ushahidi wa kwanza wa sentromia mpya kwa binadamu ulitoka Melbourne mwaka 1993, kwenye kromosomu iliyotokana na 10 ambayo kiuno chake kilikuwa kimehamia 10q25, bila satelaiti ya alfa wala CENP-B. Tangu hapo visa vingi vimeandikwa, na vipande vilivyojikunja kutoka 3q, 8p, 13q na 15q hujirudia kuliko vingine.

Kwa 15q kuna historia ya kina zaidi, na inasisimua kwelikweli. Kromosomu 14 na 15 za binadamu zilikuwa kromosomu moja kwa babu wa mbali. Kwa makaka, aina ya nyani, bado zimeungana hadi leo. Kromosomu hiyo ilipopasuka, sentromia yake ya zamani, iliyokuwa kwenye eneo ambalo kwetu ni 15q25, ilizima, na kila kipande kikapata sentromia pengine. Sentromia mpya za wagonjwa hujitokeza kwenye ujirani huohuo wa 15q24-q26, pembeni mwa marudio ya DNA yaliyoizunguka sentromia ile ya kale.

Kuhama kwa sentromia bila kromosomu kubadili mpangilio wa jini zake kumetokea mara nyingi katika mageuzi. Jenomu ya farasi iliyochapishwa mwaka 2009 ilionyesha kwamba sentromia ya kromosomu yake ya 11 haina satelaiti kabisa, na farasi wote wanaishi nayo. Inaelekea satelaiti hujilimbikiza baadaye, juu ya sentromia ambayo tayari inafanya kazi. Kinyume chake kiko ndani yetu: kromosomu 2 ya binadamu ilitokana na kuungana kwa mbili, na kwenye 2q21 bado kuna mabaki ya satelaiti ya alfa ya sentromia iliyozimwa. Fundi wa maabara hukutana na sura hiyo pia kwenye kromosomu zilizoungana za aina ya Robertson (mbili zilizoungana karibu na sentromia zao), ambazo huweza kuwa na safu mbili za satelaiti huku moja tu ikivutwa. Probu ya alfa hukosea kwa pande zote mbili: hukosa kuona sentromia iliyopo, na huonyesha isiyofanya kazi.

Kosa la arei lina somo lake, na ni la hesabu. Seli zenye kromosomu ya ziada zina nakala 4, nyingine zina 2. Kwa asilimia 40 ya seli, wastani ni nakala 2.8, na logi yake ni 0.49. Nakala 3 kwenye seli zote hutoa 0.58. Kwa kelele za kawaida za arei, 0.47 husomeka kirahisi kuwa nakala 3. Ikiwa nusu kamili ya seli zina nakala 4, wastani ni 3 barabara, na arei haiwezi kutofautisha. Hata arei inayosoma aleli (matoleo ya DNA, moja la kila mzazi) haiokoi sana: kipande kikijikunja kutoka kromatidi moja, pale ambapo aleli mbili ni tofauti uwiano huwa karibu 0.36 kwa 0.64, na nakala 3 za kweli hutoa 0.33 kwa 0.67. Mwamuzi ni FISH, seli moja baada ya nyingine. Msomaji wa arei hakuzembea. Alinyimwa mstari mmoja kwenye fomu, kwamba kuna mozaiki ya kromosomu ya ziada, na mstari huo ungezuia familia kupewa maelezo ya kufutwa.

Hitimisho la "si ya kromosomu 15" nalo lilitokana na kuandika zaidi ya kilichopimwa. Probu tatu zilionyesha kwamba kromosomu ya ziada haina 15q11-q13, haina sentromia ya 15 na haina 15q24. Zaidi ya hapo hazikusema kitu.

Kilichofanya kazi ni kukataa kuiita kromosomu hii uchafu wa chupa. Hoja ilijengwa juu ya idadi ya seli na tabia ya vipande visivyo na sentromia, kabla kingamwili yoyote haijafika, nayo ilizuia ripoti ambayo ingeifunga kesi.

Mtoto alipimwa tena damu alipokaribia miaka 2, zikapatikana seli 9 kati ya 30. Ilipendekezwa kuandika kwamba sentromia mpya inadhoofika. Hesabu haikuruhusu: 12 kati ya 30 inalingana na kiwango chochote cha kweli kati ya takriban asilimia 25 na 58, na 9 iko ndani ya hapo. Utaratibu wa maabara ulibadilishwa kwa jambo moja: kila damu inayooteshwa sasa hugawanywa kabla ya asidi, na robo yake hubandikwa kwenye slaidi ndani ya KCM siku hiyohiyo.